Zacharie, Injini Zake na Meza ya Régina

Shemeji yangu Zacharie ana magonjwa mawili: ubishi, na injini za michezo ya kompyuta. Ubishi tumeuzoea. Injini ndizo zilizotaka kumvunja dada yangu mgongo.

Injini ya mchezo si chuma. Ni programu ambayo ndani yake mtu anaunda mchezo. Tayari inajua kwamba kitu kikiachwa hewani kitaanguka. Mguse Zacharie kidogo tu, atakutajia vipenzi vyake kama mama anayetaja watoto. Kuna RPG Maker 2003, aliyokutana nayo akisoma Bukavu, na mpaka leo anawapenda watu wake wafupi wenye vichwa vikubwa. Kuna ile ya mchezo wa Doom, anayoiheshimu kama babu, kwa sababu wenyewe walifungua siri zake mwaka 1997, kila mtu azisome. Kuna Godot, iliyomfikia hapa Kasongo ndani ya flash, nyepesi, ya bure, isiyoidharau kompyuta yake iliyong'oka herufi mbili. Na kuna Unreal, ambayo anasifu mwanga wake kutwa nzima lakini hajawahi kuifungua. Mimi humwambia huyo si kipenzi, ni mchumba wa kwenye simu.

Kompyuta yenyewe ilikalia meza pekee ya nyumba. Dada yangu Régina ni fundi wa nguo. Cherehani yake ya mkono ilikaa chini, na miaka sita alishona juu ya mkeka, mgongo umepinda. Nilikuwa nikimwona hivyo nachemka. Mwaka huu, nguo za Idd zilipoanza kuingia, akasema:

— Zacharie, unitengenezee mchezo moja tu, nicheze mpaka mwisho. Nikiuacha katikati, ile mashini yako inatoka pa meza.

Zacharie akaunda kwa Godot mchezo wa pikipiki inayombeba fundi na vitambaa vyake kutoka Kasongo mpaka Kabambare. Tope liliruka, mbuzi walivuka barabara bila adabu. Jumapili mchana Régina akaketi kucheza. Akacheka mara mbili, na Zacharie akanitazama kama mtu aliyekwishashinda kesi. Halafu pikipiki ikafika kwenye daraja la magogo, Régina akaacha kubonyeza.

— Minashukia wapi?

— Mama Plamedi, hakuna kushuka, — akasema Zacharie, akimwita kwa jina la mtoto wao. — Pitisha tu.

— Nani anapitaka pa daraja ya miti akiwa juu ya pikipiki? Mutu anashukaka, anatangulia na miguu, anaangalia muti gani imeoza. Ndiyo pikipiki inafuata. Huu mchezo unataka kuniua bure.

Akainuka. Hilo la kushuka hata mtoto wa kwetu analijua. Zacharie hakulijua, maana kila mwezi anayepeleka nguo Kabambare ni Régina, yeye hubaki na injini zake. Alikuwa amemfunga abiria na pikipiki pamoja, kama gunia.

Sikungoja rufaa. Nilibeba cherehani mwenyewe nikaiweka mezani, roho yangu ikiwa baridi kabisa. Nilitegemea ubishi wa wiki nzima. Zacharie akakaa mkekani na kompyuta yake mapajani, kisha akauliza:

— Madaraja iko ngapi?

— Kumi na moja. Ya saba ndiyo mubaya. Pale minaogopaka, Zacharie. Minafungaka vitambaa pa kichwa, minasali.

Hakuwa amewahi kumuuliza. Miaka yote hiyo alijua mwanga wa injini asiyokuwa nayo, na hakujua mkewe anavuka wapi akiomba Mungu. Nilitaka kumtukana, lakini nilipouona uso wake nikameza tusi langu.

Wiki tatu Régina alishona mezani, huku akimsimulia daraja moja moja, na Zacharie akiunda pale chini. Kisha akamwita tena acheze. Safari hii abiria alishuka, akatangulia, akakanyaga gogo moja moja, pikipiki ikafuata. Daraja la kwanza, la pili, mpaka la sita. Kwenye la saba Régina akasimama. Mbele yake mtu mwingine alikuwa ameshaanza kuvuka, akijaribu magogo kwa mguu: mfupi, kichwa kikubwa, kama wale wa injini yake ya Bukavu.

— Huyu iko nani?

— Iko mimi.

Régina akamtazama yule mtu mdogo. Kisha akavuka nyuma yake, akacheza mpaka Kabambare. Alipomaliza alirudi kwenye cherehani yake, akashika mpini.

— Kichwa iko kubwa zaidi, — akasema. — Siku ya Alhamisi minapeleka nguo. Utatangulia.

Mimi nilisubiri ubishi. Zacharie akazima kompyuta, akaenda kutafuta buti zake.