Damu ya Mzee na Majiko Mawili

Mzee wangu ana wake wawili. Mimi ndiye wa kwanza, nakaa hapa Eldoret. Mke mdogo anakaa shambani Moiben, na ng'ombe. Mzee hukaa kwangu wiki mbili, anaenda huko wiki mbili. Nimeishi hivyo miaka mingi na bado siku ya yeye kuondoka sitaki kuongea na mtu.

Mguu wake ulipofura, hospitali walisema damu imeganda ndani ya mshipa, na lile donge likitembea mpaka kwa mapafu, amekwisha. Wakampa kidonge cha kuzuia damu isigande, ameze kila jioni, na awe akirudi kliniki kutobolewa kidole, damu ipimwe. Damu ikiwa nzito, itaganda tena. Ikiwa nyepesi kupita kiasi, itatoka ikatae kukoma. Inatakiwa ikae katikati.

Jioni ile alivua kofia akaniambia, "Wamekataza mboga."

"Mboga gani?"

"Za kijani, zote. Zinaharibu dawa."

Nikaacha kupika sukuma. Nilimpikia ndengu, maharagwe, mayai, nyama ikipatikana. Kidonge nilimpa kwa mkono wangu na nikasimama mbele yake mpaka ameze. Lakini kila akipimwa, siku mbili tatu baada ya kufika kwangu, wanasema damu ni nzito. Wanaongeza dawa. Halafu simu inalia, ni mke mdogo.

"Mama, sasa shida ni nini? Huku kwangu alikuwa mzima kabisa."

Anasema kwa sauti laini, kama mtu anakupaka mafuta. Mimi nasikia kile ameficha ndani: kwako ndiko anaharibikia. Na watoto wakaanza kunong'ona kwamba heri Mzee akae shambani tu, hewa ni safi, na huko anaangaliwa vizuri. Anaangaliwa na nani? Mimi nilikuwa nimefanya nini miaka hiyo yote?

Kisha mara moja, siku ya pili tu baada ya kufika Moiben, alitoka damu puani, haikukoma. Wakamleta hospitali na taulo imelowa, mikono ina madoa meusi ya damu iliyovilia chini ya ngozi. Niliogopa, hiyo ni kweli. Lakini nilipomwona mke mdogo pale kwa benchi, amekunja leso mikononi, nilisema moyoni: haya, leo ni kwako. Wacha watoto wanong'one sasa.

Walisimamisha dawa, wakamtibu, damu ikakoma. Alipopata nguvu tulienda wote watatu kwa msichana wa famasia wa kliniki, yule anayempa Mzee dawa. Ni mdogo kuliko wajukuu wangu wengine, lakini haogopi mtu.

"Nianze na Gogo," akasema, jina la heshima kwa nyanya kama mimi. "Kwako anakula nini?"

Nikamwambia. Hakuna mboga hata jani.

"Na wewe, Mama?"

"Managu," mke mdogo akasema, yaani mnavu, mboga ya kijani kabisa. "Ya maziwa. Asubuhi na jioni. Anapenda sana."

Nilimgeukia Mzee. Alikuwa anaangalia ukuta.

Msichana akatueleza. Ini ndilo linatengeneza vitu vya kugandisha damu, na kwa kazi hiyo linatumia kitu kilichojaa kwenye mboga za kijani. Kidonge kinalizuia. Mtu akila managu sufuria nzima, ini linashinda dawa, damu inakuwa nzito. Akikaa bila mboga kabisa, na dawa imeongezwa, dawa inashinda ini.

"Sasa kwa nini alitoka damu kwake, si kwangu?" nikauliza. Nilitaka iandikwe mahali.

"Kwa sababu dawa hii haifanyi kazi siku hiyo hiyo, Gogo. Vitu vya zamani vya kugandisha bado viko kwa damu, lazima viishe kwanza. Inachukua siku kadhaa. Ile damu ya puani ilitoka jikoni kwako. Na ile nzito mliyokuwa mnapima hapa, ilitoka Moiben."

Hiyo iliniuma.

"Lakini nyinyi ndio mlikataza mboga," nikasema.

"Hapana. Mzee, nilikuambia nini?"

Mzee akakohoa. "Ulisema nisibadilishebadilishe kiasi cha mboga."

"Na kwa nini ukamwambia Gogo tumekataza?"

"Sukuma yake ni ngumu. Inakaa kwa meno."

Mke mdogo alicheka, akaziba mdomo. Mimi sikucheka. Mtu amekaribia kufa ili asile sukuma yangu, na wakati huo anamaliza managu ya mwingine.

Msichana akasema ataanza kupima dawa upya. Mboga ale, lakini kiasi kimoja kila siku, kwangu na Moiben, na asipomaliza tuambiane ukweli, kwa sababu dawa itapimwa kufuata hicho kiasi. Tulinunua vikombe viwili vinavyofanana hapo sokoni, nikampa mke mdogo kimoja.

Siku ya kwanza nyumbani nilikatakata sukuma nyembamba kama uzi, nikapima kikombe. Alikula nusu, akasukuma sahani. Simu ikalia, ni mke mdogo.

"Mama, amekula?"

Ulimi wangu ulikuwa tayari na "amemaliza." Nilimwangalia pale kwa kiti, mguu juu ya stuli, madoa bado kwa mikono.

"Amebakisha nusu," nikasema.

"Jaribu kuweka maziwa, Mama. Uache ichemke polepole mpaka ilainike. Hataki kutafuna."

Nilikata simu bila kumwambia asante. Nikarudisha ile nusu kwa moto, nikamwaga maziwa, nikasimama nikikoroga. Mzee alimaliza yote, akapangusa sahani na ugali, akasema leo nimepika.