Fundi Rangi Akiwa Jikoni

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, anapiga rangi magari. Alianza kwa kuosha matairi, akapanda hadi msasa, akapanda hadi bomba la rangi, na njia nzima hiyo hakuwahi kushika mwiko. Mimi nauza vipuri vilivyotumika. Kitu kilichokufa nakijua hata kwa mbali. Jioni ile nilidhani namwangalia mtu anayepoteza muda.

Mdogo wangu alikuwa ametoka hospitali na tumbo lake lilikataa kila kitu. Nyama ilimnukia, mayai yalimnukia, uji hakutaka hata kuuona. Daktari alishasema wazi kwamba kesho asubuhi akiwa bado hajala, atalazwa tena. Mwenyewe akaapa kuwa wodini harudi, na yule akisema harudi, hata winchi haimvuti.

Basi shemeji akaingia jikoni na kipande cha tofu, ule mgando mweupe wa maziwa ya soya usio na harufu. Mteja wake mmoja, mpishi wa hoteli, alimweleza jinsi Wajapani wanavyoipika, wakati yeye na shemeji wakisubiri rangi ya bampa ikauke. Nikamuuliza kama amewahi kukaanga hata yai. Akasema hapana, lakini kupaka ni kupaka.

Aliifunga tofu kwa taulo safi, akaikandamiza kwa sufuria zito. Ikatoa maji ambayo sikujua yamo. "Uso ukiwa na unyevu, shemeji, hakuna kinachoshika," akaniambia. Akaikata vipande, akavipaka wanga wa mahindi na kuupuliza uliozidi, kama apulizavyo vumbi la msasa. Kipande cha kwanza alikigeuza mapema, kikapasuka. Vingine akaviacha kwenye mafuta mpaka vikajibandua vyenyewe.

Kisha akamimina sosi ya soya aliyoichanganya na sukari, siki kidogo na tangawizi iliyokunwa. Yalikuwa maji meusi tu. Kwa macho yangu, nisingeyachukua hata kwa bei ya kutupa. Akawa anainamisha kikaango huku na huku. Mapovu yakawa mazito, yakapunguza kelele, na ghafla yale maji yakawa kioo. Kila kipande kikavaa gamba jembamba la kahawia, nikaona taa ya dari ndani yake.

Akazima moto palepale, akampelekea mkewe vipande vitatu.

Mdogo wangu alivigeuzageuza kwa uma. "Fundi, hii umeipiga koti ngapi za rangi?"

"Moja. Kula kabla haijakauka."

Akatia kimoja mdomoni. Akatafuna polepole, nasi tumemkodolea macho kama tunasubiri penalti. Akameza. Tukangoja kirudi, hakikurudi. Akala cha pili, akala na cha tatu, akafuta sahani kwa kidole.

"Sukari imezidi," akasema. "Kesho weka na pilipili."

Nimekaa sokoni vya kutosha kujua kwamba anayekosoa mzigo ameshaununua. Nikamtazama shemeji nipate kumcheka, lakini alikuwa ameshageuka, anarudi jikoni haraka. Nilipomfuata, nilimkuta ameshika ukingo wa sinki kwa mikono miwili.

"Usisimame hapo mlangoni," akasema bila kugeuka. "Niwashie jiko. Ameona vitatu ni vichache."