Nyasi Juu ya Shimo la Majivu

Siku ya ujana wangu ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni Alhamisi moja ya Januari niliyopigiwa makofi. Wengine hukumbuka siku waliyochapwa. Mimi nakumbuka niliyosifiwa, na nitakueleza kwa nini.

Nilikuwa karani wa mazingira katika kiwanda cha majani chai, juu kidogo ya Kapkatet. Nilikuwa nimemaliza shule ya jioni, nina cheti kimoja na maringo ya watu kumi na wawili. Tai nilivaa hata nikienda kukamua ng'ombe. Kuni zilikuwa zimeadimika, kwa hiyo boila yetu ilikuwa imekula makaa ya mawe kwa miaka kadhaa, na majivu yakitupwa kwenye shimo nyuma ya kiwanda, kando ya njia ya kwenda mtoni. Shimo lenyewe lilikuwa kubwa. Ungezika mji mzima wa Londiani pamoja na viazi vyake, na bado ubaki na mahali pa kuegesha trekta.

Kisha watu wa mazingira wakaandika barua: shimo lifungwe kwa kufuata sheria. Majivu yatandazwe, yamwagiwe maji mpaka yapoe, joto lipimwe mahali kumi na pawili. Ndipo yafunikwe kwa udongo mzito wa mfinyanzi, ichimbwe mitaro ili mvua isibebe uchafu mpaka mtoni, na pazungushwe ua. Meneja akanipa kazi hiyo.

"Wakaguzi watakuja baada ya wiki nne," akasema. "Wakute pamependeza."

Sikia hilo neno, mwanangu. Pamependeza. Mimi nililishika hilo, yale mengine ya barua nikayaacha.

Mwenye kuyajua majivu yale alikuwa Mzee Okumu, mtu wa boila. Alitoka kule ziwani akiwa kijana, akakaa mbele ya ule moto mpaka nyusi zake zikakata tamaa ya kuota. Alinikuta nikiamuru trekta imwage udongo juu ya lundo.

"Wewe msomi wa jioni," akaniita, "umepima?"

"Nimepima, mzee."

"Umepima wapi?"

Nikamwonyesha ukingoni, karibu na njia. Nilikuwa nimechomeka nondo pale, nikaivuta, ikatoka baridi kama pua ya mbwa. Kule katikati sikwenda. Nilikuwa na viatu vipya.

Mzee Okumu akacheka bila furaha. "Omera, ndugu yangu, hebu niambie. Mama yako akimaliza kupika jioni, moto anaufanyia nini?"

"Anaufunika na majivu."

"Ili ufe?"

Kila mtoto wa huku anajua. Moto hufunikwa ili ulale, na asubuhi mama anafukua, anapuliza mara mbili, chai inachemka.

"Basi hapa unafanya kazi ya mama yako," akasema, "lakini ya jiko la majitu. Hayo makaa hayakuungua yote. Mpe huyu moto muda, atakula chini kwa chini, atajichimbia nyumba. Yatandaze kidogo kidogo, mwagia maji, geuza. Nondo iache ndani mpaka umalize kikombe cha chai, kisha uishike kwa mkono mtupu. Kila mahali. Ni kazi ya miezi."

"Mzee, mimi nimepewa wiki nne."

"Nani amemwambia moto?"

Nilimwona ni mzee anayetaka kuonekana wa maana kabla ya kustaafu. Nikachukua fomu, nikaandika joto la mahali kumi na pawili, kila namba tofauti kidogo na mwenzake ili ionekane ni kweli. Kwa ubunifu ule ningestahili cheti cha pili. Tukatandaza udongo, kina cha kiganja tu, tukapanda nyasi juu yake, tukawa tunaimwagilia kila asubuhi. Ua nikasema utakuja baadaye.

Alhamisi ile wakaguzi walikuta kijani. Kiangazi kilikuwa kimeshakausha malisho yote kuanzia kwetu mpaka Merigi, lakini shimo langu lilikuwa kama shuka la harusi. Wakasoma fomu, wakatia sahihi. Meneja akaanzisha makofi.

Siku kumi na moja baadaye, mchana, ng'ombe wa jirani yetu aliiona nyasi ile. Mwenye ng'ombe alikuwa Kogo Rael, kogo ndivyo tunavyomwita bibi huku kwetu, mjane ambaye nyumba yake ilipakana na kiwanda. Akamfuata amtoe kabla hatujamfokea. Ng'ombe alikuwa anakula pembeni. Kogo akapita katikati ili amzunguke.

Ardhi ilifunguka chini yake. Hakuanguka sana, mwanangu, mpaka magotini tu. Nilikuwa ofisini nikasikia sauti, nikadhani ni mbuzi. Mzee Okumu ndiye aliyetambaa kwa tumbo juu ya ubao akamvuta. Nilipofika, ile nyasi ilikuwa bado kijani kuzunguka lile tundu, na chini kulikuwa kwekundu.

Hospitalini walikata mguu wa kushoto. Wa kulia ulibaki, lakini haukuwa mguu tena.

Meneja akaniambia niandike kwamba bibi alionywa akakaidi. Nilikaa na kalamu nusu siku. Nikaona kwanza niende nimwone, labda atasema jambo la kunisaidia. Ndivyo nilivyokuwa, sikufichi.

Kogo alinitambua mara moja. Hakunitukana.

"Nilikuona ukipanda ile nyasi," akasema. "Watu walikuwa wanasema pale ni pabaya. Mimi nikawaambia, kama mtoto wetu amepanda nyasi, hapo ni shamba sasa."

Kisha akauliza kama ng'ombe amekamuliwa.

Nilirudi nikawaambia watu wa mazingira ukweli wote, fomu ile mkononi. Shimo likafunguliwa upya. Nilivuliwa ukarani, nikapewa mpira wa maji chini ya Mzee Okumu, na tulimwagilia na kugeuza kwa miezi minane. Hakunipa hata neno la "nilikuambia". Alikuwa ananipa nondo tu, nishike. Kogo aliishi miaka sita kwa magongo. Sikuwahi kujua namna ya kumsalimu.

Sasa wewe, mwanangu, ambaye kesho utapewa shimo lako, la majivu au la kitu kingine. Usiandike namba ambayo mkono wako haukuigusa. Nenda katikati, hata kama ukingo umekujibu vizuri. Usikubali siku ya wageni ikupangie kazi, na usipande kitu kizuri juu ya kitu ambacho hakijapoa, kwa sababu jirani hasomi fomu yako. Anakuangalia wewe, halafu anakanyaga.

Mungu akupe mkono mzito wa kutia sahihi na mguu mwepesi wa kurudi kupima. Na ukishafunga shimo lako, akujalie bibi wa watu apite juu yake na ng'ombe wake, akilalamikia mvua iliyochelewa, asijue kamwe palikuwa na nini.