Karata Nilizozichanga kwa Mikono Yangu

Siku ile naikumbuka, mwanangu, ingawa uzee umekula mengine mengi, na pale nisipokuwa na hakika nitakuambia. Ilikuwa kijijini kwetu Nyanungu, miaka ya mwisho ya mkoloni, alasiri, nje ya zizi la Mwita. Ndama wa Mwita walikuwa wamekufa mfululizo. Akaenda kwa mpiga ramli wa mbali, akarudi na jina la aliyewaroga: Bibi Ghati, mjane jirani yake. Nisimwonee Mwita, hakuwa mtu mbaya. Mtu mwenye uchungu hushika kilicho karibu. Lakini vijana walikuwa wamekwisha kukata nyasi kavu za kuchomea nyumba ya bibi.

Ndipo akaja Marwa, aliyepigana vita vya Mwingereza akarudi na koti zito na karata mfukoni.

"Ramli hamkuiona ikipigwa," akasema. "Hii mtaipiga wenyewe. Karata hizi zitatolewa mbili mbili. Zikitoka mbili za rangi moja, hata mara moja, chomeni. Kila jozi ikiwa nyekundu na nyeusi, mwacheni bibi wa watu."

"Nani atachanga?" Mwita akauliza.

"Mnayemwamini."

Wakaniita mimi, eti kwa kuwa nimefika darasa la nne, kana kwamba darasa la nne hufundisha karata. Marwa akaniambia niweke chini karata moja moja mpaka nitakapopenda kuacha, kisha fungu lile nilichange na lililobaki, ncha kwa ncha, za huku zikiingia kati ya za kule, mara moja tu. Yeye hakuzigusa. Nikaanza kutoa. Nyekundu na nyeusi. Nyeusi na nyekundu. Kila jozi ilikuwa hivyo, mpaka ya mwisho. Vijana wakatupa nyasi. Mimi niliamini Mungu amesema kupitia vidole vyangu, na jioni ile niliogopa kula ugali kwa mikono hiyo.

Asubuhi yake watu wawili wa kijiji cha Gorong'a walikuwa mlangoni kwa Marwa. Wamemleta mke wa ndugu yao, mikono imefungwa kamba. Wanataka karata zimhukumu kama ni mchawi.

Marwa aliwatazama kama mtu aliyekanyaga nyoka. Akawaambia wangoje, akanishika mkono mpaka kwa Bibi Ghati, akamweleza yote mbele yangu. Karata alizipanga kabla ya kuja, nyekundu nyeusi, nyekundu nyeusi.

"Ni kama makundi mawili ya ng'ombe kwenye kivuko, bibi. Yatachanganyika, lakini kila ng'ombe bado yuko nyuma ya mwenzake wa zizi moja. Kuchanga mara moja hakuvunji mpango: fungu moja likiwa limegeuzwa kwa kuwekwa chini moja moja, kila jozi hubaki nyekundu na nyeusi. Huyu kijana hakujua."

Mikono yangu mwenyewe, mwanangu.

Bibi aliendelea kupeta ulezi. "Kwa hiyo nimepona kwa uongo wako."

"Nilikuwa naokoa nyumba yako."

"Umeiokoa, asante. Na pakiti hiyo ikiingia mkononi mwa mwingine, itamwokoa nani? Nenda ukawaonyeshe wote."

"Watakurudia wewe, bibi."

"Nyumbani kwangu wanapajua. Nitakaa hapo hapo mbele yao wanione."

Akaja kweli, na kigoda chake, akaketi mbele ya zizi la Mwita. Marwa akazipanga karata watu wote wakiona, na wale wa Gorong'a pia, akampa Mwita achange vile vile kama mimi. Jozi zikatoka kama za jana. Watu wakaguna. Akazipanga tena, akamwambia safari hii achange mara mbili. Haukupita muda, zikatoka nyeusi mbili pamoja.

"Jana bibi alikuwa safi," Marwa akasema, "sasa ni mchawi. Na hajainuka kwenye kigoda."

Nilidhani watamrukia. Mwita aliziokota zile nyeusi mbili.

"Yule wa ramli," akasema polepole, "kabla hajarusha kokoto aliniuliza majirani zangu ni akina nani. Mjane nilimtajia mmoja tu."

Akaenda akakaa chini karibu na bibi. Wale wa Gorong'a walitazamana, mmoja akachomoa kisu akakata kamba. Kama huko kwao walimwacha kabisa yule mama, sina hakika, na sitakuapia nisilolijua.

Mpaka leo najiuliza kama Marwa alikosea ile siku ya kwanza. Bila uongo wake nyumba ingeungua. Bila bibi, uongo ule ungezaa. Siwezi kumhukumu, na mimi si mtu wa kusoma sana.

Lakini hili nakuusia. Usione vyaelea, vimeundwa. Mtu akikuambia, "Changa mwenyewe, kata mwenyewe, chagua mwenyewe," usifurahie uhuru wa mikono yako upesi. Uliza kwanza nani alipanga kabla hujapewa. Uliza hata jibu linapokupendeza, hasa hapo. Na ukiona jina la mtu limetoka kwenye ramli, jiulize nani alilitia.

Mungu akujalie moyo kama wa bibi yule, wa kukaa kwenye kigoda chako ukweli unaposemwa. Zizi lako lisikose maziwa, na nyumba yako isikaribiwe na nyasi kavu.