Wimbo wa Maziwa

Nimekaa kwenye meza ya majaji wa mashindano ya muziki ya shule kwa miaka mingi, mbele yangu karatasi yenye safu za alama: usahihi wa sauti, matamshi, mapigo, mavazi. Nimewapa watoto wa watu alama sabini na nane au themanini na mbili kana kwamba nilijua tofauti yake. Sasa nimestaafu, na walimu vijana wanaodhani kustaafu ni hekima huniuliza mwimbaji anayewagusa watu ana nini ambacho mwenye sauti nzuri tu hana. Huwa nawajibu mambo ya pumzi na mazoezi. Jibu la kweli ninalo, ila nililipata kwa njia nisiyojivunia, na sijawahi kumsimulia mtu.

Aliyenipa jibu hilo alikuwa mpishi wa shule.

Ilikuwa miaka ya themanini. Shule yetu ya msingi ilikuwa kando ya barabara inayotoka Eldoret kwenda Soy, nami nilifundisha muziki na Kiswahili. Nilikuwa na cheti, nilikuwa na kile chuma kidogo cha kupimia sauti ambacho nilikigonga kwenye goti kabla ya kila wimbo, na kiburi nilichokuwa nacho kingetosha walimu watatu. Mpishi alikuwa mama wa makamo aliyetoka magharibi akimfuata mume aliyepata kibarua katika shamba la ngano. Mume akaenda zake. Mama akabaki, akapata kazi ya kupika chai ya walimu na githeri ya watoto, yaani mahindi na maharagwe, na pamoja na kazi hiyo akapewa chumba cha mabati nyuma ya jiko. Alikuwa na binti mmoja tu, na binti huyo alikufa kwa surua kabla ya kufikia umri wa kuanza darasa la kwanza. Haya yote niliyajua kama mtu anavyojua habari za mpishi, yaani bila kuyafikiria.

Mara ya kwanza kumsikia akiimba ilikuwa kwenye mazishi huko Sugoi, nyumbani kwa mwalimu mwenzetu aliyefiwa na baba. Alifika mapema kuliko sisi, akaingia kumenya viazi na akina mama wa boma lile, huku akiuliza maswali. Nilidhani ni umbea. Aliuliza marehemu alipenda kukaa upande gani wa nyumba. Aliuliza kama alikuwa akiwaita ng'ombe wake kwa mluzi au kwa majina. Aliuliza chai yake ilikuwa ya sukari ngapi, na nani alikuwa akimpelekea. Mjane alijibu moja moja, mara anacheka, mara anajifuta macho kwa leso.

Saa ya kuimba ilipofika, hakutaja hata moja kati ya hayo. Aliimba wimbo wa kanisani ambao kila mtu pale aliujua. Sauti yake haikuwa nzuri. Ilikuwa imekwaruzwa na moshi wa kuni, chini ina nguvu na juu nyembamba, halafu alivuta pumzi katikati ya neno, kosa ambalo mimi humkata mtoto alama tano. Lakini kabla ubeti wa pili haujaisha, wazee wa pale, wanaume ambao hawalii mbele za watu, walikuwa wameinamia fimbo zao. Nami nilikaa pale na cheti changu nikaona wivu. Sitaki kulipamba neno hilo. Nilikuwa nimefundisha kwaya miaka tisa na hakuna mtu aliyewahi kuinamia fimbo kwa sababu yangu.

Kwa hiyo nikaamua kumrekebisha. Nilimwingiza katika kwaya ya wafanyakazi wa shule, nikamsimamisha mbele ya ubao wenye do re mi, nikamfundisha kuvuta pumzi mwishoni mwa mstari kama watu waliosoma. Alikuwa msikivu kupita wote. Siku alipoimba hasa kama nilivyotaka, wimbo ulitoka bila kosa na ukafa pale pale. Wenzake wakatazama viatu vyao.

"Si ni hivyo, Mwalimu?" akaniuliza.

Nikamwambia ni hivyo. Najua nilifurahi kidogo.

Baadaye, nikisubiri chai jikoni, nilimuuliza kuhusu yale maswali ya Sugoi. Alikuwa akichochea moto na hakugeuka.

"Siwezi kuimba tu hewani," akasema. "Lazima nijue naimbia nani. Nikishamwona vizuri, sauti inaenda yenyewe."

"Lakini hukumtaja mzee hata kidogo."

"Nimtaje ya nini? Nikimtaja, wimbo inakuwa ya watu wa hiyo boma peke yao. Nikinyamaza, kila mtu anaweka mtu wake hapo."

Hilo ndilo jibu ambalo nimewanyima walimu vijana miaka yote hii. Sijapata lingine lililolizidi, na nimesoma vitabu.

Wakati huo kila shule, kila kiwanda na kila kikundi cha akina mama kilikuwa na kwaya ya kumsifu Rais, na sikukuu za taifa zilikuwa siku za kupimana nguvu. Ulikuwa wakati wa chama kimoja. Watu walizungumza mambo ya serikali baada ya kuongeza sauti ya redio, na hata hapo walizungumza kwa kuinua nyusi tu. Mwaka mmoja ikasemwa kwamba kwaya itakayowapendeza wageni uwanjani Eldoret itachaguliwa kwenda kuimba mbele ya Rais mwenyewe. Mwalimu mkuu aliota madarasa mapya. Mimi niliota kupandishwa cheo niwe mkaguzi wa shule, nitembee na faili kwapani.

Nikatunga wimbo wa beti tatu. Wa kwanza ulisifu barabara, wa pili amani, na wa tatu maziwa ambayo watoto wa shule walikuwa wakigawiwa bure kwa amri ya Rais. Haukuwa wimbo mbaya wala mzuri, ulikuwa kama nyingine zote. Miaka iliyotangulia mwimbishaji wetu alikuwa mwalimu wa darasa la sita, mwenye sauti laini kama siagi, na kila mara tulipigiwa makofi ya adabu na kusahaulika. Mwaka ule nikampa mpishi nafasi hiyo. Nilitaka watu waguswe. Nilitaka kile nilichokiona Sugoi, ila nilitaka kiwe changu.

Tulifanya mazoezi wiki tatu, na kila siku aliimba kama anayesoma orodha ya bidhaa dukani. Wiki ya mwisho akanifuata nje ya darasa.

"Mwalimu, hii wimbo naimbia nani?"

Nilitazama huku na huku kabla ya kujibu. "Unamwimbia Rais. Kwani hujui?"

"Huyo najua. Lakini simwoni. Sijui hata kama anakunywa chai."

Mtu wa tatu angesikia maneno hayo, sijui tungekuwa wapi. Nilikasirika kwa sababu ya woga, nikamwambia amwimbie yeyote anayemtaka, mradi aimbe.

Akafikiri. "Basi nitaimbia msichana yangu. Hiyo maziwa hakuifikia."

Nami nikasema sawa. Naandika hapa waziwazi: aliniambia, nikaelewa, nikasema sawa, na nikaongeza kwamba asiache kuvuta pumzi katikati ya neno.

Siku yenyewe uwanja ulijaa. Wageni walikaa kivulini jukwaani, watu wengine kwenye nyasi chini ya jua kali. Tulipoitwa nilijipanga nikiitazama kwaya, mgongo wangu kwa wageni, kama mwongozaji anavyosimama. Barabara zilikwenda vizuri. Amani ilikwenda vizuri zaidi, nikasikia makofi yakianza kushika mapigo nyuma yangu.

Kwenye maziwa akashusha sauti. Hapo ndipo nilipokuwa nimeandika sauti ipande. Akapunguza mwendo, akawa anaimba kana kwamba kuna mtu mdogo amesimama mbele yake anayehitaji kushikiliwa kikombe. Kazi yangu ilikuwa kumharakisha kwa mkono. Mkono niliuinua, na haukushuka. Machozi yalikuwa yananitoka, na mpaka leo siwezi kusema nilimlilia nani. Kwaya ilingoja ishara yangu na haikuipata, kwa hiyo waliendelea kuguna polepole chini yake, na yeye akaurudia ubeti ule tena, taratibu zaidi.

Makofi yalikuwa yamekoma. Nikasikia mwanamke akilia upande wa watu waliotoka Soy, kisha mwingine, kisha sauti ile ya wengi wakijaribu kuzuia kilio kwa pamoja. Askari aliyesimama kwenye ua nyuma ya kwaya aligeuka akawa anatazama miti. Tulipomaliza kiitikio cha mwisho hakuna aliyepiga kofi. Mtangazaji akaita haraka kikundi cha ngoma. Nilipogeuka kuinama mbele ya wageni, nilikuwa nimeshajifuta uso kwa kiganja, na mgeni wa heshima alikuwa akimnong'oneza mtu aliyekaa nyuma yake.

Tulirudi shuleni kwa lori. Nilikuwa nimesikia uimbaji mkubwa kuliko wote niliousikia maishani, nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, na nilichowaza ni faili langu la ukaguzi.

Jumatano niliitwa mjini. Ofisa aliyenipokea alikuwa mpole, jambo lililonitisha zaidi. Akaniketisha, akaniuliza familia haijambo, kisha akasema, "Mwalimu, hiyo siku ilikuwa ya kufurahi. Watu walilia. Walikuwa wanalia nini?"

Nikasema sijui.

"Kulia kwa maziwa ya watoto. Sasa mtu anaweza kufikiria kuna watu hawataki watoto wakunywe. Ama kuna watu wanaona hii nchi iko matanga. Nani alimwambia yule mama aimbe hivyo?"

Akanisogezea karatasi na kalamu. "Andika statement. Chukua time yako."

Niliichukua saa ile na nyingine nzima. Niliandika ukurasa mmoja na nusu, kwa mwandiko wangu wa ubaoni. Niliandika kwamba wimbo ulitungwa uwe wa furaha na mpishi aliubadilisha mbele ya umma bila idhini yangu. Niliandika kwamba ni mkaidi na hasikii maagizo. Hayo yangetosha. Lakini nilikuwa na watoto wawili na mke mjamzito, mtu mmoja alikuwa akikohoa nyuma ya mlango uliofungwa, na kila nilipoitazama karatasi niliona haijajaa. Nikaongeza kwamba huenda ana kinyongo na serikali tangu alipopoteza mtoto.

Ofisa akasoma polepole. Alipomaliza akavuta droo, akatoa karatasi nyingine yenye mistari michache na alama ya kidole gumba.

"Yule mama alikuja jana," akasema. "Amesema ni yeye peke yake. Amesema wewe ulimfundisha vizuri na hukujua kitu. Mimi nilikuwa nataka tu mwalimu mkuu amwonye, mambo iishe." Akaigonga karatasi yangu kwa ukucha. "Lakini sasa umeandika kinyongo. Hii siwezi kurudisha kwa droo."

Nikamwomba niandike nyingine.

"Ya nini? Hii umeandika vizuri sana."

Barua ya kumfukuza ilifika shuleni kabla ya wiki kwisha. Alitakiwa kukiacha kile chumba cha mabati kufikia Jumamosi mchana. Mwalimu mkuu alimsomea barua yenyewe jikoni, na walimu wengine wakaenda kumpa pole wakati watoto wako darasani, wasionekane. Mimi sikwenda. Nilifundisha sauti za muziki kwa darasa la nne, na nilimchapa mtoto mmoja bila sababu.

Jumamosi asubuhi nilikwenda. Nilikuwa nimepanga kumwambia, na nilikuwa nimejiambia kwamba atanitukana na nitavumilia. Nilimkuta akifunga sufuria zake ndani ya blanketi. Kitanda kilikuwa kimeshapelekwa barabarani. Ukutani kulikuwa na msumari mmoja na gauni la mtoto limetundikwa, dogo sana, lenye kola nyeupe. Alilishusha mwisho kabisa, akalikunja, akaliweka kifuani ndani ya sweta yake badala ya kulitia katika mzigo.

"Mwalimu, wamesema nina kinyongo," akasema. "Mimi niko na kinyongo na nani?"

Nikafungua mdomo. Naapa nilikuwa nayo maneno.

"Lakini wewe usijisumbue," akaendelea, akivuta fundo la blanketi kwa meno. "Mwalimu mkuu aliniambia waliita wewe, na ulikaa kwa hiyo ofisi masaa mawili. Mimi nilikaa dakika kumi nikatoka. Mtu hawezi kukaa huko masaa mawili kama hatetei mwenzake. Najua ulinitetea."

Nilimwambia nilijaribu.

Akanishukuru, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.