Sakafu Iliyonuka Sabuni

Harufu ya nta nyekundu ya sakafu inaponipata popote, hata sokoni, magoti yangu ndiyo hukumbuka kwanza. Nilikuwa na miaka kumi, na kila Jumamosi asubuhi nilipiga magoti sebuleni kwetu Kolwezi, katika mojawapo ya nyumba za matofali walizojengewa wafanyakazi wa migodi kabla baba yangu hajazaliwa. Niliiosha sakafu kwa ndoo mbili za maji ya sabuni, nikaikausha, nikaipaka nta kwa kitambaa, kisha nikasimama juu ya kipande cha blanketi kuukuu na kuteleza huku na huku hadi miguu ya viti ionekane mara mbili, juu na chini. Wageni walivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Mama, aliyeuza unga wa mahindi sokoni, aliwaambia watu kwamba sakafu ile ilikuwa ya mtoto wake, na siku mtu alipoacha alama ya kisigino, niliipaka nta upya kabla sijala. Nayasema haya mapema ili nisionekane mtoto mwenye bidii tu. Nilikuwa mtoto mwenye hofu. Kila kitu kikiwa safi, niliamini hakuna atakayenitazama vibaya.

Karibu na ukuta wa jikoni palikuwa na ufa mwembamba kama uzi. Niligundua kwamba maji machafu yakisukumwa pale, sakafu inayanywa. Kuyazoa na kubeba ndoo hadi nje kulinichukiza, kwa sababu matone yaliangukia mahali nilipokwisha kausha na ilinibidi nianze upya. Kwa hiyo nikayasukumia kwenye ufa kwa ufagio, yakatoweka kwa sauti ndogo ya koo linalomeza, na sakafu yangu ikabaki bila doa. Nilifanya hivyo kila Jumamosi, kiangazi na majira ya mvua, na katikati ya wiki pia kama wageni walikuja. Sikumwambia mtu. Niliona nimevumbua kitu.

Nilikuwa na gololi ya chuma iliyotoka kwenye gurudumu la lori, mali yangu pekee ya thamani. Siku moja niliiweka chini, ikaondoka yenyewe, polepole, ikaenda kusimama kando ya kiti cha baba. Nikairudisha, ikaenda tena. Nilitandaza uzi kutoka ukuta hadi ukuta na kuona kwamba pale katikati sakafu ilikuwa imeshuka kiasi cha kidole kimoja. Mtu mwingine angeita wakubwa. Mimi niliomba konzi ya saruji kwa jirani aliyekuwa akijenga, nikaikoroga ndani ya kopo la dagaa, nikajaza bonde na kupaka nta juu yake. Baada ya wiki chache bonde likarudi. Nikajaza tena. Nilijaza mara tatu, na kila mara nilisimama mlangoni kuangalia kama kivuli cha dirisha kilipita pale kikiwa kimenyooka.

Jumapili moja baada ya kanisa, tukiwa mezani, mguu wa kiti cha baba ulizama, na sahani yake ya bukari, ndiyo ugali wetu, ikateleza hadi mapajani. Baba alikuwa karani wa ghala, mtu mpole, mpenda utaratibu. Alilala kifudifudi na suti yake ya kanisani, akaweka sikio sakafuni. Mahali pengine watu wangefikiria mchwa, au mvua, au uzee wa nyumba. Kolwezi sakafu ikishuka, tunafikiria kitu kimoja: kuna mtu huko chini. Tulijua mitaa ambako watu walifungua mashimo ndani ya vyumba vyao vya kulala na kufuata madini hadi chini ya vitanda vya majirani. Na katika chumba chetu cha nyuma alipanga mchimbaji, Kasongo, kijana aliyetoka kaskazini mwa Katanga, pamoja na mkewe Godelive na mtoto wao ambaye hakuwa na mwezi mmoja.

Habari ilituwahi mtaani. Jirani yetu Mama Charlotte alifika na mfuko mtupu begani. "Tata Ilunga," alimwambia baba huku akicheka, "kama kule chini kuko kitu, mutukumbuke siye majirani. Mufuko mi nilisha kuleta." Baba hakucheka. Alivuka ua hadi chumba cha nyuma, nami nikamfuata hadi kwenye kamba ya nguo.

"We kijana," alisema, "mi sitaki fujo. Utoke mbele ya Jumamosi."

"Tata, mi nachimba kule mbali tangu asubuhi. Nikirudi nachimba tena hapa? Nitalala saa ngapi?"

"Sijui. Mi naona tu nyumba yangu inashuka."

"Basi tuvunje, tata. Jumamosi tuvunje sakafu. Kama kuko njia ya mutu, mi nabeba bitu byangu palepale. Kama hakuna, weye utaniambia."

Baba akakubali kungoja. Godelive alisikia yote. Jioni ile mafurushi mawili yalikuwa yamekwisha fungwa na kuwekwa mlangoni mwao, na sufuria moja juu yake. Mvua za kila siku zilikuwa zimeanza, na hawakuwa na ndugu mjini. Nilipita mbele ya mafurushi yale asubuhi nikienda shule na mchana nikirudi, siku tano. Hapo ndipo aibu yangu ilipo hadi leo. Sikujua kwa hakika kwamba maji yangu ndiyo yaliyofanya kosa, lakini nilijua ufa, nilijua ile sauti ya kumeza, na nilijua kuhusu kopo la dagaa. Alhamisi Godelive aliniomba nimshikie mtoto anike nguo. Nilimshika, mzito na wa moto, nikafungua mdomo, nikamwambia kwamba mtoto ana nywele nzuri.

Jumamosi Kasongo alikuja na mtaimbo mfupi. Hakuanza kuvunja. Alichuchumaa na kugonga sakafu polepole, shibri moja baada ya nyingine, sikio likiwa limeinama. Alimweleza baba kwamba ndivyo wanavyofanya shimoni kabla ya kuingia: wanagonga mwamba wa juu, ukitoa sauti kavu iliyojaa wanapita, ukilia kama ngoma wanarudi nyuma. Kila mahali sakafu yetu ilipolia kama ngoma, aliweka alama ya mkaa. Alama zikaungana. Zilianzia kwenye ufa wa jikoni, zikapanuka, zikaishia chini ya kiti cha baba. Hakuna hata moja iliyoelekea chumba cha nyuma. Nilielewa kabla ya wote, nikakaa kimya hata hapo.

Kisha akavunja. Tabaka zangu tatu za viraka zilitoka kwanza, nyembamba kama maganda, halafu saruji ya zamani, halafu giza. Tulitegemea harufu ya jasho na mishumaa ya wachimbaji. Ilipanda harufu ya sabuni. Ilijaa sebule nzima, na chini yake palikuwa na tope la kijivu lenye utelezi, likielekea kwenye mfereji wa zamani ambamo bomba la maji liliwahi kupita.

"Eh, tata!" Kasongo alisema. "Hii shimo inaoga kuliko siye bote."

Mama alicheka, kisha akanitazama. "Ni mvua," alisema haraka.

"Mvua haina sabuni, mama," Kasongo alisema.

"Ni mi," nikasema. Nilieleza yote: ufa, ufagio, uzi, kopo. Nilieleza kwa mpangilio, hata hapo nikitaka kueleza vizuri.

Baba alikaa kwenye ukingo wa saruji iliyovunjika, miguu ndani ya shimo. Hakunipiga. Alimgeukia yule kijana ambaye wiki nzima alikuwa amemwita wewe tu, akamwita kwa heshima kama mtu mzima: "Tata Kasongo, unisamehe." Mama Charlotte alikuwa mlangoni, kwa hiyo mtaa mzima ulijua kabla ya saa sita. Kasongo aliniita karibu na shimo akanionyesha udongo kwa kidole. Wajenzi, alisema, walimwaga udongo bila kuushindilia, wakaufunika. "Hii ilikuwa mubaya mbele ya weye kuzaliwa. Maji iliona njia, ikabeba udongo kidogo kidogo." Kisha akashusha sauti. "Lakini ungesema palepale Jumapili. Godelive hajalala tangu Jumapili."

Yeye na baba waliitengeneza sakafu kwa wiki moja. Walitoa tope lote hadi udongo mgumu, wakaziba mfereji kwa mawe na saruji, wakamwaga udongo mwekundu kwa tabaka nyembamba, wakanyunyizia maji kidogo tu na kushindilia kila tabaka kwa gogo zito hadi kisigino kisiache alama. Kisha mawe, kisha zege, kisha magunia yenye unyevu juu yake ili isikauke haraka na kupasuka. Nilikatazwa kuosha, nikapewa kazi ya kulowesha magunia. Mwishoni Kasongo aliomba gololi yangu, akaiweka katikati. Haikwenda popote.

Baba aliwasihi wabaki. "Nyumba ni muzuri, tata," Kasongo alimjibu. "Lakini kila asubuhi nitafikiri unasikiliza chini ya kitanda yangu." Wakapanda lori la kwenda mji wa Fungurume. Niliingia chumbani mwao nikifikiri nitafagia. Godelive alikuwa amefagia tayari. Alikuwa amepaka nta sakafu yote, kona hadi kona, bila kuacha mkeka wala gunia juu yake, ili yeyote atakayefungua mlango aone kwamba hapakuwa na shimo.

Leo natengeneza sakafu za watu. Sikusomea shuleni, nimejifunza kwa kuvunja, kuharibu, na kurudi kwa mwenye nyumba asubuhi yake kwa sababu wasiwasi haukuniacha nilale. Nta nyekundu imepungua. Watu wanaweka vigae, na vigae haviinami, hupasuka vikakuambia mapema, jambo ambalo sakafu yangu haikuweza kufanya chini ya nta nyingi kiasi kile. Ya baba bado imenyooka. Huipima kwa gololi ileile kila nikienda kumsalimu, naye hujifanya haoni. Lakini mji haujaacha kufikiria kitu kimoja. Mwezi uliopita mwenye nyumba mmoja alinionyesha bonde sebuleni kwake, akaelekeza kidevu kwenye chumba cha uani. "Ni bale bapangaji," alisema. "Nilibaambia batoke." Kupitia dirishani niliona mafurushi mlangoni mwao. Sikufungua mfuko wangu wa zana. Nilitoka uani, nikawasalimu wapangaji, nikawaomba wasubiri kidogo, kisha nikarudi kumwuliza mwenye nyumba maji ya kuoshea sakafu humwagwa wapi.