Jani la Mpakani

Mwanahamisi wa Mtae alikuwa mwepesi wa kinyaa, jambo lisilotarajiwa kwa mtu anayeishi kwa vidonda vya wenzake. Kwa miaka thelathini aliosha miguu iliyooza huku amekunja uso kama aliyeonjeshwa maziwa yaliyolala, akaenda nyuma ya nyumba kutema mate, akarudi kuendelea. Wagonjwa walimzoea. Walisema mwenye kinyaa huosha vizuri zaidi.

Dawa yake ilikuwa jani moja. Alilichuma alfajiri, akalitwanga, akalibandika likiwa bichi. Jina hakulitaja kamwe. Mama yake alimfundisha kwamba jani likiitwa jina mbele ya mgonjwa huchoka, kwa hiyo aliliita "la mpakani", maana liliota kwenye mpaka wa shamba lake na la Kornelio, jirani yake. Watu nao, kwa adabu, waliliita hivyo hivyo.

Mwaka 1991 alifika Raheli, binti wa maabara, akaondoka na fungu la majani. Baada ya miezi minne alirudi na picha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hiki kilichoota ukungu ni nini?"

"Vijidudu vya vidonda. Tunavifuga kwenye sahani."

Mwanahamisi alivuta kigoda chake nyuma. "Mnavilisha nini?"

"Mchuzi wa nyama."

"Mchuzi wa nyama. Sisi huku tunaula sikukuu."

Raheli alimwonyesha duara safi katikati ya uchafu: pale palidondoshwa maji ya jani, na vijidudu vyote vikafa. Tena samli iliyotiwa jani hilo ilikaa wiki tano zaidi bila kuchacha. Mwanahamisi alisema angeulizwa angewaambia, bila mtu kufuga takataka. Raheli alilijua jani kwa jina la Kilatini, lakini siri haikuvuja. Hakuna aliyeweza kulitamka.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Kila aliyekuwa na pikapu alikuwa mfanyabiashara, na Abubakari wa Lushoto alikuwa na pikapu. Alikuwa ameanza na mitumba. Sasa alitaka dawa, na picha ya Mwanahamisi kwenye chupa. Mwanahamisi alivaa khanga mpya, akapigwa picha. Alipoulizwa ni jani gani, alijibu kama alivyowajibu watu wote: la mpakani.

Abubakari hakuwa mtu wa maswali ya pili. Alitangaza vijijini kwamba ananunua majani ya mpakani, na kila mtu, kwa uaminifu kabisa, akafyeka mpaka wake. Yakaja masale, yakaja magugu, yakaja magunia ya nyasi za gwatemala ambayo ng'ombe walikuwa wakiyasubiri. Vyote vilichemshwa katika pipa moja, vikatiwa kwenye chupa zilizookotwa, na juu yake Mwanahamisi akitabasamu: IMEPIMWA NA WATAALAMU. INAUA VIJIDUDU VYOTE.

Jenoveva wa bondeni ndiye aliyemletea habari, mguuni. Alikuwa amejikata na jembe, kidonda kidogo tu.

"Nimepaka dawa yako, bibi. Chupa mbili."

"Dawa yangu haina chupa."

Jenoveva alimpa ya tatu. Ndani kulielea kitu chenye manyoya. Kizibo kilipotoka, harufu ikajaa nyumba nzima, na Mwanahamisi akatoka mbio hadi migombani. Safari hii mate hayakutosha, alitapika. Kisha alirudi, akaosha usaha wa mguu ule mpaka jua likazama, akiwa ameigeuza chupa ili uso wake mwenyewe uangalie ukutani.

Masalio ya chupa aliyapeleka kwa Raheli, ambaye alikawia wiki mbili na kurudi ameinamisha kichwa.

"Bibi, kwenye sahani hii havikufa."

"Vimefanyaje?"

"Vimenenepa."

Siku ya gulio alimkuta Abubakari amepanga chupa juu ya turubai.

"Futa jina langu."

"Mama, jina ndilo dawa. Haya mengine ni maji tu."

"Hilo umesema kweli."

"Basi waambie watu jani lenyewe ni lipi, waone kama langu silo," alisema Abubakari, akicheka. Mila aliijua, na alijua mwanamke huyu hangethubutu.

Mwanahamisi alimtazama kama alivyotazama chupa ile. Akavua viatu, akapanda juu ya gunia la viazi, na mbele ya gulio zima akalitaja.

"Ni tughutu."

Mtu akacheka. Tughutu waliwapa ndama. Kichaka cha tughutu kilikuwa kimewazunguka tangu wazaliwe.

"Hiyo tu?" aliuliza Kornelio.

"Hiyo tu. Bichi, ya siku hiyo hiyo. Na humu chupani haimo."

Abubakari alikunja turubai kabla ya adhuhuri. Mgonjwa hakuja tena kwa Mwanahamisi. Kila mtu alikuwa na tughutu yake. Mguu wa Jenoveva ulipona, naye akaanza kuwatibu wa bondeni.

Siku moja tu baada ya gulio, Mwanahamisi alikwenda shambani alfajiri. Mpaka ulikuwa umechunwa tughutu yote hadi vishina, na Kornelio alikuwa akilima, hatua mbili ndani ya shamba la Mwanahamisi.

"Shikamoo, dada," alisema Kornelio. "Natafuta mpaka, siuoni."

Mwanahamisi alitema mate chini mbele yake, mara tatu, na safari hii hakwenda nyuma ya nyumba.